"Nitolee kama ya yule": CV na barua ya kazi hatua kwa hatua

Nina steshenari ndogo huku Ngamiani, Tanga mjini. Kompyuta mbili, fotokopi moja, na printa ambayo ikigoma karatasi naigonga ubavuni inakubali. Tangazo la kazi likitoka, iwe ajira za serikali au vibarua vya kiwandani Pongwe, siku mbili za mwisho kabla ya kufunga watu wanajaa mpaka barazani, baiskeli zimeegeshwa mpaka kwa jirani muuza chapati, na wengi wanaingia na sentensi moja: "Kaka nitolee kama ya yule." Yule mwenyewe ni jamaa alitaipu CV kwangu miaka ya nyuma huko, ikasemekana kapata kazi, bas toka hapo CV yake imekuwa kama dawa ya mganga, kila mtu anataka hiyo hiyo ila tubadilishe jina na namba ya simu.

Nimeifanya hiyo kazi sana na hela nimekula, sikatai. Mpaka siku moja nikaprinti CV za vijana wanne wanaoomba nafasi moja ile ile, zikatoka zimelaliana kwenye trei, nikazisoma mfululizo. Wote wachapakazi. Wote waaminifu. Wote wanaweza kufanya kazi bila kusimamiwa, na wote wanapenda kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Nikajiuliza anayezipokea huko ofisini atamchukua yupi, atapiga kura? Na kinachouma, mmoja wao alikuwa na kitu cha maana kweli, kafanya kazi miaka mitatu na mimi namjua, lakini kwenye karatasi hakipo, mana kwenye CV ya yule hakikuwepo.

Kwa hiyo haya hapa ndo ninayomwambia mteja akiwa na muda wa kukaa kwenye benchi. Ukiyafanya nyumbani na daftari lako, ukija steshenari kwangu au kwa mwingine yeyote ni kutaipu tu na kuondoka, na kama una simu nzuri unaweza usije kabisa.

Hatua ya 1: tangazo lisome na kalamu mkononi

Watu wanasoma tangazo la kazi kama wanavyosoma meseji za mtandao wa simu. Jina la kazi, nafasi ngapi, mwisho lini, bas. Mimi nakwambia liprinti, hela hamna linakili kwa mkono, af pigia mstari kila kitu wanachokitaka, hata kama unaona ni kidogo.

Chukua mfano wa Dereva Daraja la II, mana hilo likitoka nusu ya Tanga inakuja kwangu. Tangazo lake kwa kawaida linataka uwe na cheti cha kidato cha nne, leseni daraja C au E, uwe umeendesha kwa muda usiopungua mwaka 1 bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Hesabu hapo. Cheti, daraja la leseni, mwaka mmoja, ajali, mafunzo. Vitu vitano. Sasa nenda kasome CV za madereva niliowataipia zamani, utakuta "ninayo leseni ya udereva" daraja halijatajwa, utakuta "uzoefu wa kutosha" miaka haijatajwa, na neno ajali halipo popote, wakati wao wameliandika wenyewe kwenye tangazo kabisa! Anayepitia maombi hana muda wa kukubahatisha, ana orodha yake ya sifa pembeni, anaweka tiki au anaweka mkasi.

Sasa fanya hivi. Fungua ukurasa mmoja wa daftari, piga mstari katikati toka juu mpaka chini. Kushoto andika walichotaka, kimoja kimoja, kwa maneno yao. Kulia andika ulichonacho wewe, na usiandike "ninacho", andika lini, wapi, kiasi gani. Dereva mmoja mteja wangu, upande wake wa kulia tulipomaliza kuongea ulisomeka hivi: leseni daraja E toka 2019, kenta ya mfanyabiashara wa machungwa Muheza kwenda Dar toka Februari 2021, safari 2 mpaka 3 kwa wiki msimu ukichanganya, ajali hakuna, mafunzo VETA 2020. Kwenye CV aliyokuja nayo yote hayo yalikuwa yamekaa ndani ya maneno mawili: "dereva mzoefu".

Upande wa kulia ukibaki mtupu kwenye sifa ya lazima, mfano wanataka stashahada na wewe una cheti, bora hela ya printi ukanywee chai. Ikibaki tupu kwenye zile za "itakuwa ni sifa ya nyongeza" omba tu, usijikatae mwenyewe kabla hawajakukataa.

Huo ukurasa usiutupe. Ndo CV yako na ndo barua yako, huko mbele ni mpangilio tu.

Hatua ya 2: majina yako yafanane

Hii inatuhusu sana sisi watu wa pwani. Mtu NIDA ni Athumani, cheti cha kidato cha nne Athuman, cheti cha kuzaliwa Othman, na mtaani tunamwita Manu. Dada mwingine Mwanaidi huku, Mwanahidi kule. Wewe unajua ni mtu mmoja ila mfumo na mtu wa Dodoma hawakujui. Kabla hujaandika chochote weka karatasi zako zote mezani, cha kuzaliwa, NIDA, vya shule, vya chuo, angalia herufi kwa herufi. Kama zinapishana nenda kwa wakili mapema akutengenezee hati ya majina, ile watu wanaiita didipoli, na usisubiri siku ya mwisho mana haitoki siku hiyo hiyo kama maandazi.

Na tarehe ya kuzaliwa pia. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Yani mtu akiiangalia namba yako tu anajua umezaliwa lini. Nimeshaona CV imeandikwa kazaliwa 1996 af mistari miwili chini namba ya NIDA inaanza na 1993. Kwa ajira za serikali wanaangalia umri, tangazo nyingi zinasema usizidi miaka 45 kwa asiyekuwa mtumishi tayari, kwa hiyo ukipunguza miaka kwa ajili ya ubishoo unajitengenezea kesi tu, na wenyewe wanaandika kabisa kwamba taarifa za kughushi wahusika watachukuliwa hatua za kisheria.

Vyeti vingine haraka haraka: kwa serikali zile hati za matokeo za kidato cha nne na sita hawazikubali, wanataka cheti chenyewe, na provisional ya chuo, yani matokeo ya muda, hivyo hivyo hawaitaki. Kama cheti bado kiko shule uliyomaliza kisa ulikuwa unadaiwa dawati, panda daladala ukakifuate leo.

Hatua ya 3: CV yenyewe

Kurasa 2 zinatosha. Kijana wa miaka 24 akinipa CV ya kurasa 5 najua kuna kurasa 3 za shule ya msingi humo ndani.

Juu kabisa jina lako kamili, chini yake namba ya simu, imeili na unapoishi. Sanduku la posta kama unalo au la mtu anayekubali barua zako. Imeili iwe ya jina lako, sio mtotowachuda au mzeewakazi99, fungua mpya ni bure, na nywila iandike mahali mana kila wiki kuna mtu anakuja kwangu kasahau nywila na ujumbe wa usaili uko humo ndani. Picha, dini, kabila, ndoa, urefu, vyote hivyo toa kama tangazo halijaviuliza. Kuna mzee aliniambia "weka dini mwanangu, mwenye ofisi ni mwenzetu". Nikamuuliza je akihamishwa?

Af ile aya ya mwanzo ya kujisifu, mimi ni kijana mwenye ari na bidii na moyo wa kujituma, hiyo kwangu ni nafasi ya bure tu. Kama unaitaka lazima basi iwe mistari 2 yenye kitu: "Dereva wa daraja E, miaka 4 ya kuendesha masafa marefu bila ajali." Hapo hata anayesoma kwa haraka ameshashika.

Sasa kazi ulizofanya. Hapa ndo nataka ukae, mana hapa ndo watu wanajizika wenyewe.

Panga kuanzia ya sasa kurudi nyuma. Kila kazi weka ulikuwa nani, kwa nani, mahali gani, toka mwezi na mwaka gani mpaka lini. Chini yake mistari 3 au 4 ya ulichokuwa unafanya. Na "ulichokuwa unafanya" sio majukumu ya kwenye vitabu. Nikupe mfano wa binti mmoja alikuja anaomba nafasi ya msaidizi wa hesabu, ana stashahada ya uhasibu, na kwenye CV kaandika:

Muuza duka. Kazi: kuuza bidhaa na kuhudumia wateja.

Nikamwambia kaa hapo. Duka la nini? La jumla, mchele na unga na mafuta, lipo kwa mjomba wangu. Hela ya mauzo jioni anahesabu nani? Mimi. Unaandika? Naandika kwenye daftari kubwa, mauzo, matumizi, na madeni ya wateja. Wateja wa mkopo wangapi? Kama 40 hivi. Ulipoanza ilikuwaje? Akacheka, akasema mjomba alikuwa anaandika madeni nyuma ya boksi za sabuni, ndo mimi nikafungua daftari kila mteja na ukurasa wake, na kila Ijumaa nawapigia. Na stoo? Nahesabu kila mwisho wa mwezi. Mungu wangu. Huyu si muuza duka huyu, huyu ndo mhasibu wa hilo duka na yeye mwenyewe hajui! Tukaandika hivi:

Mtunza hesabu na msimamizi wa mauzo, duka la jumla la vyakula, Tanga. Juni 2021 hadi sasa.
Naandika mauzo na matumizi ya kila siku na kufunga hesabu kila jioni.
Nilianzisha daftari la madeni la wateja 40 na kufuatilia malipo kila wiki. Awali hapakuwa na kumbukumbu.
Nahesabu bidhaa za stoo kila mwisho wa mwezi na kulinganisha na mauzo.

Hakuna uongo hata mstari mmoja hapo. Ni yale yale aliyoyafanya, tumeyataja tu. Angalia pia alivyoandika "nilianzisha", hilo neno ukilistahili litumie, ila kama daftari ulilikuta usilianzishe wewe.

Ukikwama, jiulize maswali yale yale niliyomuuliza yeye. Wangapi? Mara ngapi kwa wiki? Nilikuta nini na niliacha nini? Hela ya nani ilipita mkononi mwangu? Kitu gani kingekwama kama nisingeenda siku hiyo? Hayo maswali hata kibarua wa kuhesabu mifuko bandarini ana majibu yake, hata aliyekuwa anapima maziwa ya wafugaji asubuhi.

"Mimi sina uzoefu wowote kaka." Nasikia hiyo kila siku, na nikichimba nakuta kafanya fildi (mafunzo ya vitendo ya chuo) wiki 8 halmashauri, kajitolea kufundisha hesabu shule ya kata mwaka mzima, kawa mweka hazina wa kikundi cha kina dada cha kufa na kuzikana. Fildi ni uzoefu, iandike kama kazi, na uandike ni fildi. Kujitolea hivyo hivyo. Kuuza samaki pale Deep Sea ni kazi pia, na kama kuna miezi kumi katikati hukuwa na ajira ya ofisini ukawa unauza samaki, iandike, mwezi na mwaka, bora msomaji aone ulikuwa unauza samaki kuliko aone shimo af ajaze mwenyewe ulikuwa wapi.

Elimu inafuata, nayo kuanzia ya juu kurudi chini: chuo, kozi, ngazi, mwaka ulioanza na kumaliza. Ukishakuwa na diploma shule ya msingi mstari mmoja unatosha au iache. Kama umemaliza juzi na kazi huna, elimu ipande juu kabla ya kazi, hakuna sheria hapo.

Ujuzi na lugha iwe mifupi na iwe kweli. Nina mtu amekaa mbele yangu anataka niandike "kompyuta: vizuri sana" huku mimi ndo namfungulia imeili. Andika programu unazozijua kwa majina. Na Kiarabu cha madrasa ndugu zangu, kusoma msahafu ni heri kubwa na mwenyewe nimesoma, lakini ukiandika "Kiarabu: vizuri sana" kwenye maombi ya hoteli za Raskazone, siku mgeni wa Oman akija kuuliza chumba tutaulizana.

Wadhamini mwisho. Serikalini wanataka watatu wa kuaminika, kwingine wawili. Mkuu uliyefanya naye kazi, mwalimu wa chuo, msimamizi wa fildi. Sio baba yako, na sio mheshimiwa ambaye ulipiga naye picha kwenye kampeni. Mpigie kabla hujamuandika, mwambie naomba kazi fulani, na mtumie ile CV aione, asije akapigiwa akasema huyo simkumbuki vizuri.

Hatua ya 4: barua

CV inasema ulichofanya. Barua inamwambia huyu wa tangazo hili, kwanini hicho ulichofanya kinamfaa yeye. Ndo mana CV unaweza kubadilisha kidogo kidogo kwa kila kazi ila barua inaandikwa upya.

Mpangilio ni ule wa shuleni, haujabadilika: anuani yako juu kulia na tarehe, anuani ya unayemwandikia kushoto, salamu, YAH, habari yenyewe, mwisho sahihi na jina. Kwa kazi zinazopitia Sekretarieti ya Ajira barua inaelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma, na lazima iwe imesainiwa, yani unaiprinti, unatia sahihi kwa kalamu, unaiskani ndo unaipandisha. Watu wanasahau hiyo sahihi halafu wanasema ajira zina wenyewe. Lugha inaweza kuwa Kiswahili au Kiingereza, ila kampuni binafsi ikitangaza kwa Kiingereza jibu kwa Kiingereza, na kama Kiingereza chako ni cha kuombea maji basi sentensi fupi fupi, usitafute maneno makubwa ambayo kwenye usaili huwezi kuyatamka.

Sasa lile lisentensi. Unalijua. "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu, mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 26, mwenye akili timamu, naleta maombi yangu mbele ya ofisi yako tukufu." Sijui nani alilianzisha ila nimelitaipu mpaka vidole vinalijua vyenyewe. Lina maneno zaidi ya 20 na halijasema kitu, na msomaji kashalisoma asubuhi ile mara hamsini. Adabu nzuri, heshima ni jadi yetu, lakini heshima iache kwenye "Ndugu" pale juu na "Wako mtiifu" pale chini, katikati fanya kazi.

Rudi kwenye ukurasa wako wa daftari. Chukua vile vitu vya kushoto vilivyo vizito zaidi, viwili au vitatu, jibu kwa vya kulia. Dereva wetu ikawa hivi:

YAH: MAOMBI YA KAZI YA DEREVA DARAJA LA II

Naomba nafasi ya Dereva Daraja la II kama ilivyotangazwa. Nina cheti cha kidato cha nne, leseni daraja E tangu 2019 na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva cha VETA nilichopata 2020.

Tangu Februari 2021 naendesha kenta ya kusafirisha machungwa kutoka Muheza kwenda Dar es Salaam, safari 2 hadi 3 kwa wiki wakati wa msimu. Kwa muda wote huo sijasababisha ajali. Machungwa hayasubiri, kwa hiyo kila jioni kabla ya safari nakagua mwenyewe matairi, breki, maji na oili, na ninaandika kwenye daftari la gari kila matengenezo yaliyofanyika.

Nimeambatisha nakala za vyeti, leseni na wasifu wangu. Napatikana kwa simu iliyoandikwa hapo juu wakati wowote nitakapohitajika kwa usaili.

Wako mtiifu,

Bas. Robo tatu ya ukurasa. Ile "machungwa hayasubiri" aliisema mwenyewe wakati tunaongea, nikamwambia hiyo iache hivo hivo. Kwenye barua ya serikali watu watakwambia ni utani, mimi naona ndo mstari pekee kwenye hiyo barua ambao mtu mwingine asingeweza kuuandika.

Vya kutoa kwenye barua: shida zako. Najua nyumbani hali ngumu, najua wewe ndo tegemeo na wadogo wako watatu wanasoma, lakini "naomba unisaidie kazi yoyote ile" inamwambia mwajiri hata tangazo lake hujalisoma. Na mshahara usiutaje kama hawajauliza.

Hatua ya 5: kukagua na kutuma

Hapa nikiri langu. Kabla sijafungua hii steshenari niliomba kazi ya karani kwenye kiwanda kimoja, siku hiyo nilikuwa naandika barua mbili za viwanda viwili, nikachukua ya kwanza nikabadilisha anuani juu nikasahau kule katikati. Kwa hiyo nilimwandikia meneja wa kiwanda cha pili kwamba nimekuwa nikivutiwa siku zote na kiwanda cha kwanza. Nimekuja kuambiwa na mlinzi wa getini miezi mingi baadae, kumbe walicheka ofisi nzima. Toka hapo barua lazima niisome kwa sauti, na nakushauri hivyo hivyo, isome kwa sauti af mpe mtu mwingine aisome, mtu ambaye hakuogopi.

Sevu kama pdf, sio word, mana word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine mistari inahama kama ngalawa isiyo na nanga. Faili lipe jina lako na kazi, sio "CV MPYA KABISA MWISHO 3". Vyeti skani vizuri kwa mwanga, kama unatumia simu weka karatasi karibu na dirisha, nimeona cheti kilichopigwa picha juu ya mkeka na kidole cha mguu kinaonekana. Nakala zikitakiwa kuthibitishwa na wakili, zithibitishe kwanza ndo uskani, watu wanageuza wanalipia skani mara mbili.

Ukituma kwa imeili, kichwa cha imeili kiwe jina la nafasi na jina lako, na ndani andika mistari mitatu, usitume imeili tupu yenye viambatisho tu. Kwa kazi za serikali zinazopitia Sekretarieti ya Ajira ni kwenye mfumo wao wa mtandaoni wa Ajira Portal na si vinginevyo, ukiipeleka kwa mkono au kwa mjomba wako anayefanya kazi Dodoma wanasema wazi maombi ya nje ya utaratibu hayafikiriwi. Jaza wasifu wako huko mapema, hata kama hakuna tangazo, mana siku ya mwisho mtandao unakuwa mzito, umeme nao unaweza kukatika, na mimi nafunga saa mbili usiku.

Tangazo likitaka bahasha kwa mkono, andika nafasi unayoomba juu ya bahasha, na vaa kama unaenda kazini hata kama unaishia kwa mlinzi.

Na mtu yeyote akikuomba hela, ya fomu, ya kupima afya kabla ya usaili, ya kusukuma faili, huyo ni tapeli, usimtumie hata mia. Kila kukiwa na mradi mkubwa, kama hili bomba la mafuta linaloishia Chongoleani, hao watu wanaota kama uyoga, wana nembo na muhuri na barua nzuri kuliko zangu.

Ukishatuma

Weka nakala ya tangazo, CV na barua uliyotuma pamoja, kwenye bahasha moja au folda moja la simu. Wito wa usaili unaweza kuja baada ya miezi, tangazo limeshatolewa, na wewe hukumbuki ulisema nini. Laini ya simu usibadilishe, na kama umeweka namba ya pili mwambie mwenye namba.

Kijana mmoja wa Mabawa aliweka namba ya mama yake bila kumwambia. Simu ikapigwa saa tatu asubuhi, sauti ya kike inauliza kama kijana yupo, mama akadhani ni mambo ya mabinti, akajibu "mwanangu kalala, na usimsumbue tena." Akakata. Walipiga mara ya pili akaizima kabisa. Alikuja kunihadithia dukani mwenyewe mama wa watu, anashika kichwa. Siku hizi mteja akinipa namba ya pili, kabla sijaitaipu namuuliza mwenye hii simu anajua, na kama hajui tunampigia hapo hapo.